Plasma Tuliyoiacha kwa Karanja

Tulimzika Mzee Karanja kule Kiamunyi, kwenye kipande cha ardhi alichohamia baada ya kuondoka mjini. Mvua ilipiga hema hadi mchungaji akawa anapaza sauti kama mtu wa mnada. Mbele, karibu na jeneza, wajukuu walikuwa wamesimamisha televisheni pana, nyembamba kama ubao wa kukatia sukuma wiki, na picha za marehemu zilipita juu yake: Karanja akiwa na ovaroli ya kiwanda cha pareto, Karanja akicheka bila jino la mbele, Karanja na mkewe siku ya ubatizo. Binti mmoja wa ukoo aliyeketi kando yangu aliniuliza kama kwetu tunayo kubwa kama ile. Nikamwambia baba yangu aliwahi kuwa na plasma. Alinitazama kwa adabu, bila kuelewa. Siku hizi ukisema plasma, vijana hudhani unazungumzia damu ya hospitali. Baadaye, wakati wa chakula, Mama Njeri, mjane wake, aliupenya umati akanishika mikono yote miwili. "Mtoto wa Barasa," akasema, "umekuja. Basi hata baba yako amekuja." Baba alikuwa amekufa miaka mingi kabla, nyumbani kwa ndugu yake karibu na Webuye, na Karanja alisafiri kutwa nzima kwenda kumzika. Sasa wote wawili wako chini ya udongo, na mimi ndiye niliyebaki kuukumbuka mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama alikuwa ametangulia, na mimi na Baba tuliishi katika vyumba viwili vya ploti moja upande wa magharibi wa mji wa Nakuru. Ua ulikuwa mmoja, mfereji mmoja, kamba za nguo zikipishana. Baba alikuwa fundi wa injini katika karakana ya reli hadi walipompa kiinua mgongo chake na kumwambia apumzike. Karanja, ambaye mlango wake ulitazamana na wetu, naye alikuwa amestaafu. Walikuwa wamejuana tangu nikiwa mtoto, na kazi yao ya uzeeni ilikuwa kubishana. Walibishana kuhusu mbegu za mahindi, kuhusu kama ugali wa wimbi ni chakula au ni dawa, kuhusu mkimbiaji yupi aanze mbele na yupi avizie. Jioni waliketi chumbani kwetu mbele ya televisheni ndogo ya zamani, ile yenye kisogo nyuma, magoti yao yakigusana. Baba alipenda mbio kuliko kitu chochote duniani. Wakimbiaji wetu walipoingia mzunguko wa mwisho alikuwa akisimama, akipiga paja kwa kofia, akiita majina yao kana kwamba aliwazaa.

Katikati ya mwaka 2007 niliona Baba hayaiti tena yale majina. Aliuliza, "Nani huyo mbele?" na Karanja alimjibu haraka, kabla mimi sijafungua mdomo. Nilijua Baba ana presha ya macho, maana ni mimi niliyempeleka kliniki na kumtilia dawa asubuhi. Nilichokuwa sijui nilikisikia nikiwa jikoni, siku moja nikigeuza chapati, pazia tu likitutenganisha. Karanja alimwuliza kwa sauti ya chini, "Daktari alisema nini, lakini ile ya kweli?" "Alisema nikitaka kuona kitu, nikione sasa." Chapati iliungua upande mmoja. Niliila mimi mwenyewe, nikasimama pale hadi macho yangu yakakauka, kisha nikawapelekea chai. Baba akasema chai imekolea maziwa vizuri.

Wiki iliyofuata alitangaza kwamba atanunua televisheni kubwa. Nilimwambia tungeweza kwanza kutengeneza paa la nyumba ya Webuye. Alinijibu bila hasira, "Mama, nimenunua mabati, nimenunua ng'ombe, nimelipa karo. Macho yangu sijawahi kuyanunulia kitu." Tangu nizaliwe aliniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake, Nafula. Sikubisha tena.

Hivyo ndivyo Jumamosi zetu zilivyohamia dukani kwa Bwana Kirit, karibu na soko. Kirit alizaliwa Nakuru kama baba yake, na duka lake lilinuka ubani na maboksi mapya. Ukutani alikuwa ametundika televisheni mbili bapa, plasma na LCD, na katika mji mzima watu walikuwa wakizizungumzia hizo mbili kama timu za mpira. Alitupa viti, akamwita mkewe alete chai yenye tangawizi, akatueleza kwa Kiswahili chake cha duka. "Mzee, hii plasma picha yake tamu sana. Nyeusi ni nyeusi kabisa. Lakini zito, na moto natoka. Hii LCD nyepesi, nakula stima kidogo, mchana naonekana safi."

"Umesikia?" Karanja akaruka. "Nyepesi, na haikuli stima. Chukua LCD twende nyumbani."

"Wewe ndiye unanunua?"

"Mimi ndiye nitakuwa naangalia kila siku. Sasa fikiria, Barasa. Chumba chenu kiko na dirisha kubwa mbele. Hicho kioo cha plasma kitakuwa kioo cha kunyolea ndevu. Utakaa hapo mchana ukijiangalia uso."

"Nitafunga pazia."

"Ukae gizani mchana wote?"

"Giza nitalizoea," Baba akasema.

Kirit aliangalia chini, akajifanya anafuta rimoti kwa shati. Kisha, bila kuombwa, akatafuta kanda ya wanyama wa porini, akaiweka ionyeshe kwenye zote mbili kwa pamoja. Ilikuwa msitu wakati wa magharibi, na chui alikuwa akitembea katikati ya miti. Baba alivuta kiti hadi karibu. Kwenye LCD alitazama kwa muda mrefu akasema anaona ukungu, na mwanga unamchoma. Akageukia plasma. Nilimwona akiinua kidole polepole, akimfuata yule chui toka mti hadi mti, na kidole hakikukosea. Aliposimama yule mnyama, kidole kilisimama. "Yuko hapa," akasema. "Na hapa mkia." Karanja alitoa leso akapenga kamasi kwa kishindo, akadai ni ule ubani wa Kirit.

Tulirudi dukani mara kadhaa zaidi, kwa maana Karanja hakuwa mtu wa kushindwa siku moja. Alikuja na habari za jamaa wa Mai Mahiu aliyeiweka plasma hotelini kwake ikafa baada ya umeme kupanda na kushuka. Kirit mwenyewe, mtu mkweli, alituonya kwamba picha moja ikikaa muda mrefu kwenye plasma inaacha alama, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Tena akasema tusije tukailaza chini tukiibeba. Isimamishwe kama mtu. Baba alisikiliza yote. Kabla ya Krismasi alilipa, na mkokoteni ukaileta plasma nyumbani ikiwa imesimama, Karanja akiishika ubavu mmoja njia nzima na kumfokea mwenye mkokoteni kwa kila shimo.

Zile wiki chache ndizo ninazozitunza. Mama Njeri alituletea mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, siku ile ya kwanza, mimi nikapika kuku. Tulifunga pazia kweli, na chumba kikawa kama ndani ya chungu, chenye joto la mashine ile na pumzi za watu. Baba aliketi karibu kiasi kwamba ungedhani anataka kuingia ndani. Aliziona rangi. Aliona ukosi wa kijani wa msomaji wa habari akanitajia, akaona mtoto akila embe, akaona mbio za zamani walizorudia wakati wa sikukuu, na kwa mara ya kwanza tangu katikati ya mwaka alisimama, akampiga Karanja paja badala ya kupiga lake. "Ona mguu huo! Ona anavyouweka chini!" Karanja alimkubalia kwamba plasma si mbaya. Alisema hivyo mara moja tu, akiwa anatafuna.

Kisha, mwisho wa Desemba, tukapiga kura ya urais. Kwa kuwa yetu ndiyo televisheni kubwa katika ploti, majirani wote walikuja kusikiliza matokeo kwetu, wengine wamekaa kitandani, wengine mlangoni. Siku ya kwanza ilikuwa kelele na karanga. Siku ya pili watu walianza kukaa kwa makundi, na nilipopitisha sahani ya mandazi niliona mikono mingine haiinuki. Mtu alisema neno kwa Kikuyu, mwingine akajibu kwa Kiluhya, lugha ya kwetu, na wote tukaangalia kioo. Siku ya tatu walikuja wachache. Matokeo yalipotangazwa, chumbani tulikuwa watatu tu, Baba, mimi na Karanja, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mwenzake alimpigia nani kura. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, vituo vikaweka nyimbo na vikatuni. Lakini sehemu ya chini ya kioo, pale ambapo takwimu zilikaa siku nyingi bila kusogea, ilibaki alama kama mvuke, na kila mwimbaji aliyecheza alicheza nayo miguuni. Baba hakuiona. Sikumwambia.

Januari nzima tulisikia habari za kwingine, za nyumba kuchomwa na watu kufukuzwa kwa ajili ya kabila lao: Eldoret, Burnt Forest, Molo. Maduka yalifungwa na kufunguliwa. Karanja alituletea sukari ndani ya kofia. Watu waliohamishwa walikuwa wanafika Nakuru na hadithi zao, na kila hadithi iliyofika ilimfanya mtu fulani katika mtaa wetu anyamaze nilipopita. Mwenye duka la kona, aliyeniita dada miaka yote, alianza kuniuzia bila kuinua uso. Mwisho wa mwezi moto ukafika kwetu. Kuanzia asubuhi tuliona moshi upande wa pili wa barabara. Saa ya chakula cha mchana tulikuwa tunakula ugali na mboga ya managu, mlango umefungwa, Karanja alipoingia bila kubisha. Alikuwa hajavaa kofia. Sijawahi kumwona nje bila kofia.

"Barasa, vaa viatu."

"Kuna nini?"

"Vaa viatu kwanza. Nafula, chukua dawa zake na kitambulisho. Lori ya polisi iko pale kituoni, inachukua watu. Mimi nitawapeleka."

Baba alipapasa chini ya kitanda akitafuta viatu. Kisha akauliza, kama mtoto, "Na plasma?"

Naona aibu nikikumbuka jinsi nilivyotaka kumfokea. Karanja hakumfokea. "Nitaiweka kwangu. Nafula, shika huko." Mimi na yeye tuliivusha ua, imesimama, imefunikwa shuka la maua la marehemu Mama, na wanawake waliokuwa mferejini wakatutazama. Kisha Karanja akamshika Baba mkono, mimi nikashika mwingine, tukatembea katikati ya barabara hadi kituoni. Tulipokutana na vijana wenye rungu, Karanja alisema nao kwa Kikuyu, lugha yao na yake, kwa sauti ya mzee anayewatuma dukani, na wakatupisha. Kwenye lori alimsukuma Baba juu kwa mabega yake mwenyewe. Baba alinyoosha mkono hewani akimtafuta wa kuaga, lakini lori lilikuwa limeshaanza kuondoka.

Webuye tulipokewa vizuri, sina lawama. Lakini Baba alikuwa mtu wa Nakuru, na alikaa kwenye kiti cha uani kama mgeni anayesubiri kurudishwa. Dawa zilikatika kwa wiki kadhaa maana barabara zilifungwa. Kufikia msimu wa kupalilia mahindi alikuwa akijua mchana kwa joto lake tu. Hakulia. Aliniambia asubuhi moja, "Mama, leo hujawasha taa," na jua lilikuwa mlangoni. Nikamwambia naiwasha sasa hivi.

Kila Jumapili alimpigia Karanja simu. Niliiweka kwenye spika ili asihangaike, kwa hiyo niliyasikia yote. "Plasma yangu inaendeleaje?" Karanja alijibu kwamba iko sawa, ameiweka mbali na dirisha, anaipangusa kwa kitambaa laini. Mwezi wa nane, wakimbiaji wetu walipokuwa wakishinda huko ng'ambo, alimsimulia mbio nzima: nani ameshika mbele, nani anatoka jasho, jezi zinang'aa vipi. "Kweli nyeusi yake ni nyeusi, Barasa. Ulinishinda." Baba alicheka hadi akakohoa. Ulikuwa mwezi huohuo aliponituma Nakuru nikachukue vyeti vyake vya kliniki na nguo zilizobaki, na nione kama chombo kinaweza kusafirishwa.

Ploti niliikuta, lakini Karanja hakuwepo. Jirani aliyekuwa akianika nguo alinielekeza Kiamunyi bila kunitazama. Nilimkuta katika nyumba ya mawe ambayo bado haikuwa imepigwa lipu, akimwagia kabichi maji kwa mkono wa kushoto. Aliponiona aliuficha wa kulia ndani ya koti, na aliponiamkua niliona pengo mahali pa jino. Mama Njeri ndiye aliyenieleza, jikoni, akimenya viazi kwa haraka kana kwamba vimemkosea. Siku ya pili baada ya sisi kuondoka, vijana walikuja mchana. Walikuwa wamesikia kwamba anawawekea watu wengine mali. Alisimama mlangoni. Waliivunja plasma pale uani, wakavivunja na vidole vyake, na tangu hapo hakuna aliyemsalimu katika mtaa ule, ndiyo maana wakahama.

Nilitoka nje nikamwendea. Nikaanza kulia. "Wacha, wacha," akasema. "Sikiza, msichana wangu. Usimwambie. Macho yameenda, nyumba imeenda. Muachie hata kitu kimoja." Nikamwuliza zile mbio alizomsimulia aliziona wapi. Akaniambia huwa anasimama kwenye dirisha la hoteli moja huko barabarani, ambayo ina LCD. "Inaonekana safi hata mchana," akaongeza, akijaribu kutabasamu. Nikarudi Webuye na vyeti na nguo, nikamwambia Baba kwamba Karanja amehamia Kiamunyi kulima kabichi, chombo kiko salama na ameomba kuendelea kukitunza. Akasema, "Huyo mzee ameipenda, sasa hataki kuirudisha."

Mwisho wa mwaka kliniki ya Nakuru ilimwita Baba kwa uchunguzi, na baada ya daktari kumwambia yale tuliyokuwa tunayajua, aliniomba nimpeleke kwa Karanja. Nilimpigia Mama Njeri simu mapema. Tulipoingia, Karanja alikuwa amevaa koti la kanisani. Walikumbatiana kwa muda mrefu, wazee wawili wembamba, wakigongana mabega. Baba aliketishwa, akauliza familia, akauliza kabichi, kisha akasema, "Haya, niwashie nisikie." Karanja alinitazama. Akaenda kwenye ile televisheni yao ndogo ya kisogo, akaiwasha, akapandisha sauti. Baba aliinamisha kichwa. Alinyoosha kiganja mbele, akakishikilia hewani akitafuta lile joto la plasma, akakirudisha.

"Zima, Karanja."

"Haikupendezi?"

"Zima. Njoo ukae hapa. Nipe mkono."

Karanja alimpa wa kushoto. Baba aliupapasa, akauachia. "Ule mwingine." Nilisikia maji yakichemka jikoni. Karanja alitoa mkono wa kulia mfukoni taratibu, na Baba akaupitia kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akikagua vyuma karakanani, akisimama kila mahali mfupa ulipokuwa umeunga vibaya.

"Walikuja mchana?"

"Mchana."

"Na wewe ukasimama mlangoni kwa ajili ya televisheni? Mtu mzima kama wewe?"

"Hawakuuliza televisheni. Waliuliza hiki kitu ni cha nani. Nikasema ni changu."

"Si ungesema tu ni cha Barasa? Wangechukua waende."

"Ningesema ni chako," Karanja akasema, "ningekuwa nimewaambia huna mtu hapa."

Uso wa Baba ulikunjamana, machozi yakatoka kwenye yale macho ambayo hayakuwa na kazi nyingine tena. Akauliza walikuwa watoto wa nani. Karanja akasema, "Usiniulize hiyo." Baba akatikisa kichwa polepole. "Basi sikuulizi."

Mama Njeri alileta chakula, githeri ya mahindi na maharagwe, yenye viazi na mboga za kienyeji, akaweka sahani mbele yao na kijiko kwa kila mmoja. Aliwaombea. Nilingoja waachiane mikono ili wale, lakini Baba hakuuachia ule mkono uliovunjika, na Karanja hakuuvuta. Wakashika vijiko kwa mikono ya kushoto, kila mmoja akimwaga kidogo, wakala hivyo hadi sahani zikaisha.